Kutoka shelta mpaka nyumba yenye jina lako: mambo ya kufanya kwa familia zetu hapa Maine

Nawaandikia familia zinazoongea Kiswahili ambazo ziko shelta, zile nyumba za muda za wasio na makazi, hapa jimbo la Maine, Marekani, sahivi au zimetoka juzi juzi, hasa Portland na Lewiston, manake ndo huku watu wetu wengi wa Congo, Burundi na Rwanda wamefikia. Mnakumbuka 2019 ule uwanja wa ndani wa michezo pale Portland, Expo, ulivyojaa vitanda vya kukunja kuanzia Juni mpaka Agosti, watu zaidi ya 400 wametokea San Antonio, Texas, kwa basi baada ya ile safari ndefu ya Brazil na msitu wa Darién, wengi wao Wacongo na Waangola. Ikarudi tena 2023, Expo ikafunguliwa, ikafungwa Agosti, familia nyingi zikapelekwa hoteli za Lewiston na Freeport. Toka hapo mpaka leo kuna kitu kinajirudia na kinaniuma sana: familia inapata nyumba, watu wanaimba wanashukuru Mungu, alafu baada ya muda nyumba inapotea, au foleni ya Section 8, ile vocha ya serikali ya kulipia nyumba, inapotea, au hata kesi ya asylum, ya kuomba hifadhi, inaharibika, na ukifuatilia chanzo unakuta ni barua. Barua ilienda shelta ya zamani, au ilifika ikawekwa juu ya friji mpaka siku zikapita.

Kwa hiyo nitaongea sana habari ya karatasi na anwani, mnivumilie, kitanda na sufuria tutafika.

Kabla hamjabeba mabegi

Msitoke shelta bila barua ya shelta. Ni karatasi inayosema familia yenu mko watu wangapi, mmelala pale toka tarehe gani mpaka tarehe gani, ina sahihi ya mfanyakazi. Iombeni mapema, siku yenyewe ya kuondoka kila mtu ana haraka na hakuna anayekaa kuandika. Programu nyingi za nyumba zinazotumia hela ya HUD, ile wizara ya nyumba ya Marekani, zinataka ushahidi kwamba mlikuwa hamna makazi, na kwa hesabu yao asiye na makazi ni anayelala shelta, nje, kwenye gari au sehemu ambayo si ya watu kulala. Ukienda kulala sebuleni kwa binamu, hata kama mmejazana watu 12 kwenye vyumba viwili, mara nyingi kwao wewe tayari una makazi, na unaweza kushuka sana kwenye ile orodha ya pamoja inayoitwa Coordinated Entry.

Hapa ndo familia zetu nyingi zinaumia bila kujua. Naelewa kabisa, mama ana kichanga, shelta ina kelele usiku kucha, mjomba anapiga simu anasema njooni kwangu, nitawaachaje huko na mimi nina nyumba. Ni upendo na ndivyo tulivyolelewa. Lakini kabla hamjakubali mkae na keswoka, yule mfanyakazi anayefuatilia faili lenu, mumuulize hivi hivi: tukihamia kwa ndugu, nafasi yetu kwenye orodha inakuwaje? Na mwambieni ajibu kwa meseji au imeili ili iwe maandishi. Kama jibu ni kwamba mtapoteza nafasi basi mjomba mwambieni asante, atusaidie kwa njia nyingine, abaki na watoto wikendi, atupe anwani salama ya barua, atupeleke kuangalia nyumba na gari lake.

Kwa upande wa shule mambo ni tofauti. Sheria ya McKinney-Vento ya 1987 inamhesabu mtoto hana makazi hata kama analala kwa ndugu kwa sababu ya kukosa nyumba. Maana yake anaandikishwa shule papo hapo hata kama cheti cha kuzaliwa au cha chanjo bado hakijapatikana, na anaruhusiwa kubaki shule aliyoanzia na usafiri anatafutiwa. Na hata mkipata nyumba ya kudumu katikati ya mwaka, haki hiyo inaendelea mpaka mwaka wa masomo uishe. Kwa hiyo kama mmehamishwa kutoka Portland kwenda Lewiston mwezi wa pili, msikubali kuambiwa mtoto aache shule kesho, kila wilaya ya shule ina mtu maalum wa mambo haya, mwambieni karani "McKinney-Vento", hilo neno wanalielewa.

Alafu faili. Nunueni ile ya plastiki yenye mifuko, wekeni I-94 ile ya kuingia nchini, karatasi za asylum, kibali cha kazi, kadi za Social Security, vyeti vya watoto, barua ya shelta, pay stab za mshahara, barua zote za GA, ule msaada wa mji, hata zile za kukataliwa. Pigeni picha kila karatasi, mjitumie kwenye imeili. Na muangalie majina, hili kwa Wacongo ni tatizo kubwa sana manake tuna majina matatu na hapa wanataka mawili, unakuta kwenye I-94 jina la ukoo liko mbele, kwenye Social Security liko nyuma, kwenye kadi ya hospitali herufi moja imerukwa, na kompyuta ya housing, ofisi ya nyumba, inaona ni watu watatu tofauti. Chagueni mpangilio mmoja, ule wa karatasi za uhamiaji, na kila ofisi muombe waandike hivyo hivyo.

Nani analipa kodi ya nyumba na kwa muda gani

Watu wanachanganya sana hapa, wanasema tu "housing imetupa nyumba". Housing gani? Kuna milango mitatu ambayo haifanani na lazima ujue umeingilia upi, kwa sababu kila mmoja una siku yake ya kufungwa.

General Assistance, ile GA, ni msaada wa mji. Kwa sheria ya Maine kila mji lazima uwe nao hata uwe mdogo vipi. Hawakupi keshi, wanatoa vocha inayokwenda kwa mwenye nyumba, kwa kampuni ya umeme, kwa duka. Kwa kawaida unaomba upya kila mwezi. Ukishaomba lazima wakujibu kwa maandishi ndani ya masaa 24, na wakikataa unazo siku 5 za kazi za kuomba wasikilize rufaa yako, wenyewe wanaita fair hearing. Mtu akikuambia kwa mdomo pale kaunta kwamba huna haki, usigeuke ukaenda zako, sema kwa upole "naomba niandike maombi, na naomba jibu la maandishi". Wale ambao kesi ya asylum bado inaendelea wanaruhusiwa GA ila kwa miezi 24 tu, hivo ulizeni leo mmeshatumia mingapi na imebaki mingapi, msisubiri mshtukizwe. Na risiti mzitunze, ukianza kufanya kazi GA wanataka kuona hela yako uliitumia kwa kodi, chakula, nguo za watoto, na kama uliituma yote kwa mama Bukavu bila kulipa vitu vya lazima hapa wanaweza kukukatia. Najua hilo linachoma, mama huko anasubiri. Lakini lipeni kodi kwanza, mama atumiwe kinachobaki, siku mkifukuzwa hata yeye hatapata kitu.

Kama mji mmoja umewasaidia kuhamia mji mwingine, kwa kawaida ule wa kwanza bado una jukumu kwa siku 30 za mwanzo. Ombeni iandikwe ni mji gani unalipa mwezi wa kwanza, manake hapo ndo familia inarushwa huku na huku, Portland inasema nendeni Lewiston, Lewiston inasema rudini Portland, na mwenye nyumba hajali mvutano wao, yeye anataka kodi yake tarehe moja.

Mlango wa pili ni Rapid Re-Housing. Huu ni msaada wa muda, unakuja na keswoka, na kwa kanuni za HUD hauwezi kuzidi miezi 24, na wengi wanapewa muda mfupi kuliko huo. Mara nyingi mwanzoni wanalipa karibu yote alafu wanapunguza pole pole mpaka mnabaki wenyewe. Nyumba ya vyumba viwili Portland mara nyingi inapita dola 2,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kabla hujasaini kaa na mume wako au mke wako mpige hesabu ya mwezi ule ambao msaada utakuwa sifuri, si mwezi wa kwanza ambao kila kitu kinalipwa. Kama hesabu haikubali hata mkifanya kazi wote wawili, tafuteni nyumba ya bei nafuu hata kama iko Lewiston, Auburn au Biddeford, au mwambieni keswoka mapema. Muulizeni na haya: msaada unaisha tarehe gani, sehemu yetu inapanda lini, na mtu akiugua au akipunguziwa masaa kazini mnafanyaje.

Wa tatu ni Section 8, vocha yenyewe ya kudumu. Unalipa kama asilimia 30 ya mapato yako baada ya makato yao, yaani mapato hayo yakiwa dola 2,000 kwa mwezi wewe unalipa kama 600 na vocha inalipa inayobaki mpaka kiwango chao. Foleni yake ni miaka. Na kuna kitu watu wanafanya ambacho naomba kiishe: familia ikipata Rapid Re-Housing inasema tumeshapata, inaacha kufuatilia Section 8. Hapana jamani. HUD wenyewe walifanya utafiti kuanzia 2010, walifuatilia familia 2,282 zilizokuwa shelta kwenye maeneo 12 ya nchi hii, na walichokuta ni kwamba familia zilizopewa vocha ya kudumu zilirudi kwenye ukosefu wa makazi chini ya nusu ukilinganisha na zile zilizoachwa zijitafutie, na zile za msaada wa muda mfupi hazikutofautiana sana na hizo zilizojitafutia. Msaada wa muda unakutoa shelta, ni mzuri, uchukueni, lakini jina libaki kwenye foleni mpaka siku vocha inatoka. Maine kuna orodha ya pamoja ya Section 8 ambayo housing authority nyingi, zile ofisi za nyumba, wanaitumia, maombi ni bure, mtu yeyote anayekutoza hela kukuandikisha ni mwizi hata kama mnasali naye.

Nani anaruhusiwa Section 8? Mkimbizi aliyekuja na hadhi hiyo, aliyeshinda asylum, mwenye grini kadi. Ambaye asylum yake bado haijaamuliwa peke yake haruhusiwi. Lakini familia iliyochanganyika, mfano wazazi kesi bado na mtoto kazaliwa hapa Maine, imekuwa ikiruhusiwa kwa msaada uliopunguzwa kwa hesabu ya watu wenye hadhi. Kanuni hizi zinavutwa vutwa na siasa za Washington, hivo kabla hujajaza kitu kinachohusu hadhi ya mtu ongea na wanasheria wa Pine Tree Legal Assistance au Maine Equal Justice, ni bure. Na msidanganye hadhi ya mtu yeyote kwenye fomu, hata kidogo, inakuja kuharibu kesi.

Vocha ikitoka una angalau siku 60 za kutafuta nyumba. Hazitoshi kwa familia kubwa, kwa hiyo siku zikikaribia kuisha andika barua ya kuomba waongeze, uambatanishe orodha ya nyumba ulizopigia simu. Iandike toka siku ya kwanza kwenye daftari, tarehe, anwani, walijibu nini.

Kutafuta nyumba mkiwa wengi na hamna kredit

Familia ya watoto sita saba hapa inapata shida ya kweli, nyumba za vyumba vinne ni chache mno. Sheria ya makazi ya haki ya 1968 iliongezewa mwaka 1988 kipengele cha familia, mwenye nyumba haruhusiwi kukunyima kwa sababu una watoto, wala kukuambia ghorofa ya tatu haifai watoto nenda ya chini. Anachoruhusiwa ni kuweka kiwango cha watu kinachoeleweka, na HUD tangu 1998 inachukulia watu wawili kwa chumba cha kulala kama kiwango cha kawaida. Kwa hiyo mkiwa tisa msipoteze muda kwenye vyumba viwili. Njia moja iliyosaidia familia kadhaa ni kuchukua apatimenti mbili kwenye jengo moja, vijana waliofikisha miaka 18 na wanafanya kazi wanasaini ya kwao, wazazi na wadogo wanasaini nyingine, watu wanakula pamoja kama kawaida. Kama mna vocha muulizeni housing kwanza kabla ya kugawanya familia kwenye karatasi.

Wenye nyumba wanauliza kredit skoo, ile alama ya jinsi unavyolipa madeni, na nyumba uliyokaa kabla. Huna, sawa, mpe vingine: barua ya keswoka, barua ya GA inayosema watalipa kiasi gani, pay stab za wiki za karibuni, barua ya bosi, namba ya mtu anayewajua. Kwa sheria ya haki za binadamu ya Maine haruhusiwi kukukataa kwa sababu tu unapokea msaada wa serikali, akisema "hatuchukui vocha hapa" andika jina, saa na maneno aliyosema, piga Pine Tree, malalamiko yanapelekwa Maine Human Rights Commission ndani ya siku 300.

Hela za mwanzo: kwa Maine yote diposit, ile hela ya dhamana, haizidi kodi ya miezi miwili, na ndani ya mji wa Portland kwa sheria waliyoipigia kura 2022 haizidi mwezi mmoja. Hela ya maombi tangu 2024 haiwezi kuzidi gharama halisi ya kukagua historia yako, na Portland hawaruhusu kabisa. Na matapeli wapo wengi Facebook, picha nzuri, bei ya chini, anasema yuko safarini tuma diposit kwa Zelle, ile ya kutuma hela kwa simu, funguo atatuma kwa posta. Msitume hata dola moja kwa nyumba ambayo hamjaingia ndani na kukutana na mtu mwenye funguo. Tapeli anajua familia iliyo shelta ina haraka, anaitumia hiyo haraka.

Mkataba usisaini usichokielewa, na usimpe mtoto wa darasa la saba akutafsirie. Mtoto hajui maneno ya mkataba na si mzigo wake. Omba mkalimani, ofisi nyingi wanampata kwa simu dakika hiyo hiyo, ukisema tu "Swahili interpreter please". Mnaoongea Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi mkipata mkalimani wa Nairobi au Dar na hamuelewani vizuri semeni, si aibu, ombeni arudie au abadilishwe, au muombe wa Kifaransa kama kinawafaa zaidi.

Siku ya kupokea funguo pigeni video nyumba nzima kabla hamjaingiza hata kiti, kuta, sakafu, ndani ya oveni, chini ya sinki, madirisha. Mtumieni mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Hiyo ndo itawarudishia diposit. Kwa mkataba wa maandishi anatakiwa kurudisha au kueleza alichokata ndani ya siku 30 baada ya kutoka, bila mkataba wa maandishi ni siku 21.

Wiki ya kuhama, anwani

Sasa hii sehemu naomba muisome mara mbili, na mkiweza mumsomee na jirani.

Mkihama, kila ofisi lazima iambiwe peke yake. Hawaambiani. Wenye kesi mahakama ya uhamiaji, fomu ni EOIR-33 na lazima ifike ndani ya siku 5 za kazi, kila mtu kwenye familia fomu yake, hata mtoto mchanga kama ana kesi. USCIS, ofisi ya uhamiaji yenyewe, ni tofauti, fomu AR-11, ndani ya siku 10. Watu wanajaza moja wanadhani wamemaliza. Mahakama ikituma tarehe kwenye anwani ya shelta ya zamani na wewe usitokee, jaji anaweza kutoa amri ya kukurudisha bila wewe kuwepo, na kuifungua tena ni kazi ngumu sana. Na hii inawahusu hasa wale waliohamishwa haraka, leo Portland kesho hoteli Lewiston, kila mara ulipohamia ni anwani mpya na fomu mpya.

Baada ya hapo posta, nenda ofisini kwao ujaze fomu ya kuhamisha barua, pale ni bure, mtandaoni wanakata hela kidogo. Alafu DHHS, idara ya jimbo ya afya na huduma, kwa ajili ya chakula na MaineCare ile bima ya afya, GA, shule, kazini, benki, wakili, na KILA orodha ya nyumba mliyojiandikisha. Orodha ya Section 8 wanatuma barua au imeili kuuliza kama bado mnataka, msipojibu kwa tarehe waliyoweka wanafuta jina, miaka yote ya kusubiri imekwenda. Ndo maana nasema imeili iwe moja, ya mzazi, si ya kijana ambaye anabadilisha simu na paswedi kila mara.

Andikeni majina ya wote kwenye sanduku la barua, la baba, la mama, na ya watoto wakubwa kama ya ukoo ni tofauti. Kwetu baba ana jina lake na watoto kila mmoja ana lake, mpeleka barua haelewi kwamba ni familia moja, asipoliona jina anarudisha. Fungueni sanduku kila siku, na mpange ndani ya nyumba ni nani kazi yake, mzazi anayerudi mapema kazini kwa mfano. Barua usiyoielewa ipige picha siku hiyo hiyo mtumie keswoka au mtu mnayemwamini anayesoma Kiingereza. Iliyoandikwa "Notice" (notisi), "Hearing" (kusikilizwa kesi), "Recertification" (kuhakikiwa upya) au "Eviction" (kufukuzwa nyumba) haisubiri Jumapili.

Mkishaingia

Baridi kwanza. Mwenye nyumba akiwa ndiye anayelipa hita, sheria inamtaka nyumba iweze kufika digrii 68 za Fahrenheit, kama 20 za kwetu, hata nje kukiwa chini ya sifuri sana. Isipofika mwandikie meseji, piga picha ya kipimajoto, alafu piga ofisi ya mji ya ukaguzi. Msiwashe oveni ikiwa wazi kupasha nyumba, wala jiko la mkaa ndani, hewa yake inaua watu usingizini. Kama mafuta ya hita mnanunua wenyewe uliza HEAP, ni msaada wa mafuta wa MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo, unaombwa kupitia community action, yale mashirika ya kusaidia jamii, na uombe mapema kabla baridi haijaanza. Umeme kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Aprili kampuni haiwezi tu kukata hivi hivi bila ruhusa ya tume ya serikali, lakini deni linaendelea kupanda, kwa hiyo pigeni simu mpange kulipa kidogo kidogo.

Rangi ya zamani nayo ni hatari. Nyumba nyingi za Lewiston na Portland ni za mbao na zilijengwa kabla ya 1978, zina risasi kwenye rangi, ile madini, na watoto wadogo wanaila kupitia vumbi la madirisha na mikono yao. Inaathiri ubongo na haionekani kwa macho. Maine mtoto anatakiwa apimwe damu akiwa na mwaka mmoja na tena miaka miwili, mkumbusheni daktari. Mkiona rangi inabanduka msiikwangue wenyewe, futeni vumbi kwa kitambaa kibichi, muoshe mikono watoto kabla ya kula, mwambieni mwenye nyumba kwa maandishi. Mtoto akikutwa na risasi kwenye damu kiwango cha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi serikali ya jimbo inatuma wakaguzi na mwenye nyumba analazimishwa kurekebisha.

Fanicha, kuna shirika Westbrook linaitwa Furniture Friends, wanatoa vitanda na meza kwa familia zinazotoka shelta ila keswoka ndo anaandika maombi, muombeni kabla hajafunga faili lenu.

Sasa wageni. Hili ndo gumu kuliko yote na sitaki kulipita haraka. Mmepata nyumba, wiki ya tatu simu inalia, ni shemeji yuko kituo cha basi na mke na watoto wanne, mlivuka naye msitu, alibeba mtoto wenu mgongoni. Utamwambia asiingie? Hakuna mtu kwetu anayeweza. Lakini mkataba una majina, na mikataba mingi inasema mgeni akizidi wiki mbili hivi lazima mwenye nyumba akubali, na Section 8 wao ni wakali zaidi, mtu yeyote anayeishi hapo bila kuandikishwa ni sababu ya kuwanyang'anya vocha. Njia nayoona inafanya kazi ni hii: mpokeeni, ale, alale, aoge, na kesho yake asubuhi mumsindikize nyinyi wenyewe GA na kwenye intake ya shelta, pale wanapoandikisha wapya, ili jina lake liingie mapema na muda wake uanze kuhesabiwa, manake tumesema juu kwamba anayelala kwa ndugu haonekani. Mwandikieni mwenye nyumba meseji kwamba tuna wageni kuanzia leo, tunatarajia watakaa siku kadhaa. Msiwafiche. Majirani wanaona viatu mlangoni. Na asitumie anwani yenu kwa msaada wowote bila kuuliza kwanza keswoka wenu, manake kompyuta ikiona familia mbili kwenye anwani moja inaweza kuleta maswali kwa wote. Baada ya hapo mnaendelea kumpikia, kumwangalizia watoto, kumfundisha basi la METRO, msaada haujaisha.

Ondoeni pia ile tabia ya kutoa betri kwenye kengele ya moshi kwa sababu inalia mkikaanga samaki, washa feni, fungua dirisha, iache. Theluji ikianguka angalieni tangazo la mji la kutopaki barabarani, gari likivutwa ni hela ya wiki nzima ya chakula.

Kodi ikichelewa au ikija karatasi ya kutoka

Mkijua mwezi huu hela haitoshi semeni KABLA ya tarehe, kwa mwenye nyumba na kwa keswoka na GA, wote. Kodi ikichelewa siku 7 anaweza kukupa notisi ya siku 7. Ukilipa yote unayodaiwa kabla hizo siku hazijaisha notisi inakufa, na hakikisha una risiti. Ongezeko la kodi nalo lina utaratibu wake, Maine siku 45 kabla, na likiwa asilimia 10 au zaidi siku 75, na Portland siku 90. Akikuambia kwa mdomo leo kwamba kuanzia kesho kutwa ni dola 300 zaidi, haijahesabika.

Notisi siyo amri ya mahakama. Wengi wakiona hiyo karatasi wanabeba mabegi usiku huo huo wanarudi shelta kwa aibu, na hakuna aliyewafukuza. Mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kitasa, kuzima hita au kutoa vitu vyako nje, lazima aende mahakamani ashinde kwanza. Akifanya hivyo piga polisi na Pine Tree siku hiyo hiyo. Mkiletewa karatasi za mahakama mtaona tarehe na saa, hapo lazima muende, mkikosa mnashindwa hata kama haki ilikuwa yenu. Mahakama za Maine zinatoa mkalimani bure, pigeni simu kwa karani kabla ya siku yenyewe mseme mnataka wa Kiswahili. Siku hiyo mara nyingi mwanasheria wa Pine Tree anakuwepo na kuna mpatanishi, na familia nyingi zinatoka na makubaliano ya kulipa pole pole au kuongezewa wiki za kutafuta kwingine, na hayo makubaliano yakiandikwa vizuri hukumu inaweza isiingie kwenye rekodi yenu, na bila hiyo rekodi mwenye nyumba anayefuata anakuwa na sababu moja pungufu ya kuwakatalia.

Kama hamjui muanzie wapi pigeni 211, ni bure, masaa yote, sema Swahili wakuletee mkalimani, muwe na kalamu mkononi muandike jina la mtu mliyeongea naye na namba aliyowapa.